Viza Baina ya Ndugu

Wazee wetu walituachia methali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema, "Mgeni andika maombi, ulipe ada, ungoje majuma matatu, kisha mwenyeji atafikiri." Methali hiyo haijatutoka vinywani, lakini serikali nyingi za Afrika zimeishi kinyume chake kwa muda mrefu. Insha hii ina shabaha moja. Nataka kuonyesha kwamba Mwafrika anayetaka kuzuru nchi nyingine ya Afrika, akaone milima yake na miji yake kisha arudi kwao, hapaswi kudaiwa viza. Na kwamba hoja za wale wanaoitetea viza hiyo zina kelele nyingi kuliko nguvu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Pasipoti ni hati ambayo mtu hupewa na serikali yake, nayo hueleza yeye ni nani na ni raia wa wapi. Viza ni ruhusa ya nchi anayokwenda, na mara nyingi huombwa na kulipiwa kabla ya safari. Kufuta viza si kufuta pasipoti. Mtalii asiyedaiwa viza hufika mpakani, huonyesha pasipoti yake, huulizwa maswali, hugongewa muhuri wa siku alizopewa, na siku zikiisha huondoka. Ofisa wa uhamiaji bado ana haki ya kumkataa. Basi wanaosema kwamba kufuta viza ni kuacha nyumba bila mlango wamekosea. Mlango upo na bawabu yupo. Kilichoondolewa ni ada ya kubisha hodi.

Ukarimu wenye utaratibu si jambo geni katika pwani yetu. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Mogadishu mwaka 1331. Alisimulia kwamba vijana wa mji walitoka kwa mashua kuilaki merikebu, wamechukua chakula, kila mmoja akitafuta mfanyabiashara wa kumkaribisha nyumbani kwake. Yeye, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, aliambiwa kwamba desturi ya mji ni kumwamkia Sultani kwanza kabla ya kupata makao. Kutoka huko alisafiri hadi Mombasa, kisha Kilwa. Tazama jambo hilo vizuri, msomaji. Mji ulikuwa na sheria yake na mgeni aliitii, lakini sheria ilimngojea ufukweni pamoja na sahani ya chakula. Haikumfuata kwao kumzuia asipande chombo.

Nini basi kilichotufikisha hapa? Mipaka tunayoilinda kwa ukali hatukuichora sisi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mstari unaotoka mlangoni mwa mto Umba, ukazunguka kaskazini ya mlima Kilimanjaro, ukaenda mpaka ziwa Viktoria. Mstari huo uliwagawa Wadigo na Wamasai, wala hakuna aliyewauliza. Baada ya mipaka vikaja vibali. Katika Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuchukua kipande, hati iliyotiwa katika kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Asiyekuwa nacho alikuwa mkosaji katika nchi ya baba zake. Huko Afrika Kusini, watu 69 waliuawa kwa risasi za polisi pale Sharpeville, tarehe 21 Machi 1960, katika maandamano ya kupinga sheria za pasi. Sisemi kwamba viza ni sawa na kipande kwa ukatili. Nasema kwamba vyote viwili vimezaliwa na fikira moja, kwamba mtu anayetembea ni mshukiwa mpaka athibitishe kinyume. Kipande kilimfuata Mwafrika ndani ya nchi yake. Viza humfuata ndani ya bara lake.

Waliotuchorea mipaka hiyo wamefanya nini kwao? Mataifa ya Ulaya yaliuana kwa mamilioni katika vita vya 1914 hadi 1918, na tena katika vita vya 1939 hadi 1945. Hata hivyo, mwaka 1985 nchi 5 zilitia sahihi mapatano katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, ya kuondoa ukaguzi wa watu katika mipaka baina yao. Leo mapatano hayo yanahusu nchi 29. Mkenya anayetaka kuzuru eneo hilo hutakiwa kulipa ada ya viza, iliyopandishwa mwezi Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, nayo hairudishwi hata maombi yakikataliwa. Hatuna uwezo wa kuamuru milango ya Ulaya. Lakini akipata viza hiyo moja, aweza kupita Ufaransa, Ujerumani na Italia kama apitaye vyumba vya nyumba moja, hali katika bara lake mwenyewe kila chumba kina kufuli lake. Mwaka 2024, katika mkutano uliofanyika Kigali, tajiri Aliko Dangote wa Nigeria alilalamika kwamba yeye huhitaji viza 35 ili kutembea Afrika. Ikiwa hayo humpata tajiri kama huyo, mwalimu wa shule anayetamani kuona maporomoko ya Viktoria atapatwa na nini?

Sasa tusikilize watetezi wa viza. Hoja yao ya kwanza ni usalama, nayo si ya kudharauliwa. Kenya imelia. Watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate mwezi Septemba 2013, na 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mwezi Aprili 2015. Lakini tuulize: muuaji hupanga mstari katika ubalozi? Mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa Mkenya aliyesomea sheria katika chuo kikuu cha nchi hii. Viza isingemzuia, maana nyumba ilikuwa yake. Adui huzuiwa kwa upelelezi mwema, kwa askari wasiopokea rushwa, na kwa majirani wanaopashana habari. Fomu ya maombi humchelewesha mtu mwema aliyeandika jina lake la kweli.

Hoja ya pili ni kwamba wageni watatwaa kazi za wenyeji. Hii ni hoja ya kuchanganya mambo. Anayetaka kazi huhitaji kibali cha kazi, na sheria hiyo haiguswi na kufutwa kwa viza ya utalii. Mtalii huja kutumia fedha. Hulala hotelini, hula, hupanda matatu na kununua vinyago. Akikaa kupita siku zake, amevunja sheria na aadhibiwe kwa sheria.

Hoja ya tatu ni fedha, ati ada ya viza ni mapato ya Serikali. Hayo ni mapato ya mwenye duka anayewatoza watu kiingilio mlangoni, kisha akastaajabu kuona duka halina wanunuzi. Rwanda, nchi ndogo isiyo na bahari, ilitangaza mwaka 2023 kwamba Mwafrika yeyote aweza kuingia bila viza. Ghana ilifuata mwanzoni mwa mwaka 2025. Hazikufanya hivyo kwa sababu ya kutojua hesabu.

Hoja ya nne husema, "Wao hawatufungulii, kwa nini tuwafungulie?" Lakini wote wakingoja hivyo, hapana atakayeanza. Kwa miaka mingi Mkenya alidaiwa viza kwenda Afrika Kusini. Nchi hizo mbili zilipatana mwezi Novemba 2022, na tangu Januari 2023 Mkenya huweza kuzuru huko siku 90 kwa mwaka bila viza. Anayetaka mapatano hana budi kutangulia kunyoosha mkono.

Hata nchi yetu haina budi kuambiwa kweli. Mwezi Desemba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni atakayedaiwa viza ya Kenya. Dunia ikashangilia. Kumbe mahali pa viza paliwekwa idhini ya kusafiri inayoombwa kwa mtandao kwa dola 30, na watu wa baadhi ya nchi za Afrika waliokuwa wakiingia bila viza wala ada walijikuta wanalipa. Kubadili jina la kitu si kukiondoa. Mwaka 2025 Serikali ililegeza na kuwaondolea Waafrika sharti hilo, isipokuwa raia wa Somalia na Libya. Kwa sehemu kubwa kosa lilisahihishwa, na anayejisahihisha astahili sifa. Lakini Somalia ilikuwa imekwisha kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024. Yaani watu wa mji ule uliompokea Ibn Battuta kwa chakula walibaki nje ya mlango wa jirani yao. Hofu ikituonyesha nani wa kuchunguza zaidi mpakani, hofu hiyo ina akili. Ikihukumu taifa zima, imekuwa chuki.

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni la aibu kwa bara zima. Mwaka 2018 Umoja wa Afrika ulipitisha mikataba miwili. Mmoja ni wa biashara huria ya bidhaa na huduma, na zaidi ya nchi 40 zimekwisha kuuridhia. Wa pili ni wa watu kutembea huru, nao unahitaji nchi 15 ili uanze kufanya kazi. Miaka 6 baadaye nchi zilizouridhia zilikuwa 4 tu. Maana yake ni kwamba gunia la mahindi lakaribishwa, na mkulima aliyelilima asimamishwe.

Wanafunzi, hapa Afrika Mashariki tuna ushahidi wa karibu. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka mipaka hiyo kwa kitambulisho tu, na hakuna hata moja ya nchi hizo iliyobomoka kwa sababu hiyo. Baadhi yenu mtakuwa mabalozi, wabunge na maofisa wa uhamiaji. Siku hiyo kijana kutoka Malawi au Senegali atasimama mbele ya meza yenu, pasipoti mkononi, ametumia akiba yake ya mwaka mzima kuja kuona nchi yenu. Mkagueni kama sheria itakavyo, mwandikieni siku zake, kisha mwambieni karibu.