Kwa mwendo wa watoto

Yakobo alipokutana na Esau baada ya miaka mingi ya kutengana, kaka yake alitaka waongozane, yeye Esau akiwa mbele. Yakobo alikataa kwa adabu. Alimweleza kwamba wanawe bado wadogo, na katika mifugo kuna wanaonyonyesha. Wakiswagwa kwa haraka hata kwa siku moja, kundi zima litaangamia. Akamwomba atangulie, naye angemfuata taratibu kadiri watoto watakavyoweza. Habari hiyo iko katika Mwanzo 33, mstari wa 13 na 14.

Najua wapo wahubiri watakaosema Yakobo alikuwa anamkwepa kaka yake tu, maana Seiri aliyoahidi kwenda hakwenda. Hilo tuliache. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli, na Esau, mtu wa porini aliyekuja na wanaume 400, aliielewa na hakumlazimisha. Nimeikumbuka habari hii kwa sababu msimu wa likizo umefika, na nikitoka ibadani siku hizi wazazi vijana wananiuliza swali lile lile: je, ni sawa kumpeleka mtoto mchanga baharini?

Zamani swali hili halikuwa la watu wa kawaida. Mtu wa Dodoma aliyetaka kuona bahari alijipanga mwaka mzima, kisha akakaa ndani ya basi siku nzima. Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, familia inakunywa chai nyumbani na mchana iko Dar es Salaam. Nenda Coco Beach au vuka Kigamboni Jumamosi yoyote ya Desemba, utaona watoto ambao shingo bado haijakaza, wamebebwa katikati ya muziki na moshi wa mishikaki.

Bibi wengi wanapinga safari hizi. Wanasema mtoto hana atakachokumbuka, upepo utampa kifua, na fedha hiyo ingesaidia ada ya kaka yake. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Zaburi ya 104 inamsifu Mungu kwa ajili ya bahari, kubwa na pana, iliyojaa viumbe wasiohesabika, wala haisemi kwamba sifa hiyo ni ya watu wenye kumbukumbu peke yao. Na hata kama mtoto hatakumbuka, mama yake aliyekaa miezi mitano bila kulala usiku mmoja kamili atakumbuka. Mpelekeni. Ila mpelekeni kwa mwendo wake, na hapo ndipo naona wengi tunashindwa.

Tunashindwa kwa sababu tunataka likizo ile ile tuliyokuwa nayo kabla hajazaliwa, na yeye tumeongeza kama mzigo mmoja zaidi. Saa saba mchana, mchanga unaunguza nyayo za watu wazima, mtoto amevalishwa gauni la malinda na miwani ya jua, analazwa mchangani apigwe picha. Analia. Anapigwa nyingine. Picha ikishatumwa kwenye kundi la familia watu wanaandika "Mungu ni mwema", na ni kweli Mungu ni mwema, lakini mtoto yule anahitaji kivuli.

Niseme wazi mambo ambayo muuguzi yeyote wa kliniki atakuambia ukimuuliza. Mwili wa mtoto mchanga unapata joto haraka kuliko wako na unapoa kwa shida. Aliye chini ya miezi sita asiwekwe juani kabisa, na mafuta ya kuzuia jua si ya umri wake. Kinga yake ni kivuli, kofia na nguo nyepesi. Usidanganyike kwamba ngozi nyeusi haiungui. Usimfunike kitenge kizito ukidhani unamkinga, kwa maana unamfungia joto ndani. Kiu yake inatibiwa kwa kunyonya mara nyingi zaidi, si kwa maji ya chupa wala ya dafu, na mama anayenyonyesha naye anywe maji ya kutosha. Nepi ikikaa kavu kwa saa nyingi, au mtoto akilegea na kukataa titi, likizo imeisha. Tafuteni kituo cha afya. Anayetoka Njombe au Kilimanjaro, ambako malaria ni kidogo, akumbuke kwamba Pwani na Tanga ina mbu wa namna nyingine. Chandarua chenye dawa kiwe kwenye begi kabla ya nguo za kuogelea, na homa yoyote, hata mkisharudi nyumbani, ipimwe siku hiyo hiyo.

Kisha kuna bahari yenyewe. Maji yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti yake inapita mita 3. Mahali ulipotandika mkeka asubuhi pakiwa pakavu, mchana panaweza kuwa maji. Ukifika muulize mvuvi maji yanajaa saa ngapi, atakuambia bila malipo. Na mtoto aliyeanza kutambaa hahitaji bahari ili azame, ndoo ya kuogea inatosha. Huzama kimya, kwa dakika chache, watu wazima wakiwa hapo hapo wanabishana kuhusu bili.

Mwanzo 33 inaendelea kusema kwamba Yakobo alipofika mahali panapoitwa Sukothi alijijengea nyumba, na mifugo yake akaitengenezea vibanda. Hata jina la mahali lilitokana na vibanda hivyo. Baba wa watoto wachanga alipofika, kazi yake ilikuwa kutengeneza kivuli. Kina baba wanaosoma hapa, mwamvuli ni mzigo wenu. Na mnazi usikudanganye: kivuli chake ni chembamba, na nazi ikianguka haichagui kichwa. Tafuteni mkungu au mkwaju.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi kanisani ingawa tunalijua. Baadhi ya safari hizi zina kazi ya siri. Mtoto anapelekwa baharini alfajiri akaoshwe maji ya chumvi ili nuksi imtoke, au asirogwe, au riziki za baba yake zifunguke, na chupa moja inajazwa ya kurudi nayo nyumbani. Wanaofanya hivyo ni watu wanaoongoza maombi ya jumuiya. Sitaki kumcheka mtu, maana hofu ya mzazi ni kubwa na Ibilisi anajua bei yake. Lakini mtoto uliyemleta mbele ya madhabahu na kumkabidhi kwa Kristo unamwosha nini tena? Chumvi ile itamchoma macho, na kama kitovu hakijapona itamchoma na kitovu. Haina kazi nyingine kwake.

Sasa nifike kwa mtu ambaye kwenye picha haonekani, kwa sababu ndiye aliyeshika simu. Namzungumzia dada wa kazi.

Familia inapoamua kwenda baharini na mtoto, dada anaambiwa naye afungashe. Tunajisifu kwamba tumemtendea wema, kwa sababu na yeye ataiona bahari. Mwangalie basi siku inavyokwenda. Mtoto akiamka saa kumi alfajiri ni yeye anayembeba nje ili wenye likizo walale. Chai ikiletwa yuko na mtoto. Baba na mama wakiingia majini yeye anabaki na mtoto, mabegi, simu na viatu. Mchana mtoto akilala anafua nepi, usiku analala chini kando ya kitanda cha mtoto. Siku ya tatu mnarudi mmepumzika, naye amefanya kazi siku tatu mfululizo mahali ambapo hana hata jirani wa kusemezana naye. Nilikaa hoteli moja huko pwani ambako meza ya familia ilikuwa ya watu wanne, na yeye alikula amesimama.

Amri ya kupumzika tunaikariri tangu Kipaimara, lakini tunaikariri nusu. Katika Kutoka 20 na tena katika Kumbukumbu la Torati 5, Mungu anawataja mmoja mmoja wanaopaswa kuacha kazi siku ile: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mifugo, na mgeni aliye malangoni. Kumbukumbu la Torati inatoa hata sababu: mtumishi apate kupumzika sawasawa na bwana wake, kwa kuwa Israeli naye alikuwa mtumwa Misri. Pumziko la mkubwa ambalo linamzidishia mdogo kazi, kwa hesabu ya mstari huo, halijawa pumziko. Na kama Torati ni mbali, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Sheria hiyo haisimami Ruvu ukivuka kwenda Bagamoyo.

Wapo watakaoniambia, "Ndugu mwandishi, sasa nani atamshika mtoto?" Nyinyi. Baba asubuhi na mama jioni, au kinyume chake, na dada apewe saa zake, zijulikane tangu mnapanga safari. Kama mpango hauwezi kusimama bila mtu mmoja kufanya kazi mchana na usiku, basi safari hiyo ni kubwa kuliko familia yenu. Kuna wanaoikopea hata kwenye kikoba, lakini habari ya mikopo tuiache kwa Jumapili nyingine.

Nawaambia hasa kina baba, kwa sababu nimewaona. Baba anakaa kwenye kiti cha plastiki akisema amekuja kupumzisha kichwa, na kila mtoto anapolia anamtazama mama. Someni Yohana 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Kunapambazuka, Bwana amesimama ufukweni. Ameshinda mauti, kila goti lapaswa kupigwa mbele yake, naye ameshughulika na nini? Amewasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate, anawaita waliochoka waje wafungue kinywa. Petro anavuta wavu wenye samaki 153, Bwana anagawa chakula. Nikitafuta ufukwe katika Agano Jipya, huu ndio ninaoupenda kuliko wote, na mwenye heshima kubwa pale ndiye aliyekuwa jikoni. Kubadilisha nepi kwenye mchanga hakumshushi baba yeyote chini ya hapo.

Kuhusu Jumapili yenyewe sina maneno mengi. Pwani yetu ina makanisa. Misheni ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868 na ibada inaendelea hadi leo. Nendeni ibada ya kwanza. Mtoto akilia, mtoke naye nje kidogo, mrudi. Hakuna atakayewashangaa.

Linalobaki ni lile la bibi, maana nimesema sikubaliani naye na ni vizuri nimtendee haki. Familia moja ya usharika wetu iliingia katika mgogoro Desemba iliyopita. Mama mzaa baba alikuwa Marangu, ameshatayarisha ndizi na ameshawaambia majirani kwamba mjukuu anakuja Krismasi. Wao walikuwa wameshalipia siku tatu Bagamoyo, wiki ile ile. Simu zikapigwa, sauti zikapanda, mjomba akaingizwa. Nilichopenda ni namna walivyoumaliza. Walienda Marangu Krismasi kama desturi, wakaongeza fedha kidogo kubadilisha tarehe za hoteli, na Januari wakashuka pwani na bibi mwenyewe. Ana miaka zaidi ya 70 na alikuwa hajaikaribia bahari hata siku moja.

Ikawa bibi na mjukuu wana ratiba moja. Wote wawili wanaamka kabla ya jua, wanasinzia saa tano, hawataki kelele, hawawezi kutembea mbali kwenye mchanga. Wengine wakalazimika kuwafuata. Asubuhi walikaa ufukweni hadi saa tatu, mchana wote ndani na dirisha wazi, jioni tena jua likishalegea. Dada wa kazi alipewa siku yake ya pili nzima. Alikwenda mjini Bagamoyo, akarudi amenunua kanga. Bibi aliingiza mkono majini, akaonja, akatema, akauliza ni nani aliyetia chumvi yote ile. Mtoto alikuwa mgongoni kwake amelala, hakuona kitu.

Mtoto aliguswa na maji siku ya tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vidole vya mguu tu. Akalia. Wakamrudisha chini ya mkungu, wakaendelea na chai yao.