Usiitupe dawa ya sonona wiki ya pili

Ukitoka Mbeya kwenda Tukuyu, ukifika Kyimo huna haja ya kuuliza watu wa pale wanalima nini. Migomba imezunguka nyumba, na mikungu ya ndizi inasubiri wanunuzi. Ndiyo maana sikushangaa mama mmoja wa huko aliponiuliza: “Daktari, nimesikia ndizi ina kile kitu cha furaha kinachopungua kwenye ubongo. Mwanangu amekula ndizi tangu anaota meno. Imekuwaje apate sonona?”

Kijana wake, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ameandikiwa fluoksetini. Alimeza siku 11. Alipata kichefuchefu, usingizi ukakatika, na huzuni ikabaki palepale. Vidonge vikawekwa juu ya kabati. “Dawa imemkataa,” mama akasema.

Dawa haikuwa imemkataa. Alichokosa ni maelezo, na hilo ni kosa letu sisi tunaotoa tiba. Kwa miaka mingi tumewaambia wagonjwa wa sonona kwamba “umepungukiwa serotonini, dawa hii itakuongezea”. Ni maneno mepesi kusema, lakini yanapotosha. Mtu akiambiwa amepungukiwa, atawaza ndoo ya maji: ukimimina, inajaa. Asipoona nafuu ndani ya siku chache, anaacha. Na akiona nafuu, anasema ndoo imejaa, anaacha pia.

Tuanze na ndizi. Ni kweli ndizi ina serotonini, lakini haifiki kwenye ubongo. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta unaochagua kipi kipite na kipi kibaki, na serotonini ya chakula haipiti. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na kirutubisho kiitwacho triptofani, kinachopatikana kwenye maharage, mayai, maziwa na karanga. Tena sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, takriban asilimia 90, iko tumboni, ambako inasaidia utumbo kusukuma chakula. Kula ndizi kwa afya yako, lakini usizihesabu kuwa tiba ya sonona.

Sasa tuje kwenye ubongo wenyewe. Seli za ubongo hazigusani kabisa; kati ya moja na nyingine kuna upenyo mdogo sana. Seli ikitaka kupeleka ujumbe, humwaga serotonini kwenye upenyo huo. Upande wa pili kuna vipokezi, ambavyo ni kama kufuli mlangoni. Serotonini ni ufunguo. Ikishika kwenye kufuli, seli ya pili hupata ujumbe. Kisha seli iliyomwaga huifyonza tena ili itumike wakati mwingine.

Kufuli hizi si za aina moja. Wataalamu wamezigawa katika familia 7 zenye aina takriban 14. Kuna zinazohusika na hofu, usingizi na hamu ya kula. Familia ya tatu inahusika na kichefuchefu. Ndiyo maana ondansetroni, dawa inayoziba vipokezi hivyo, hupewa wagonjwa wa saratani wanaotapishwa na tiba. Ufunguo ni mmoja, milango ni mingi. Kwa hiyo dawa inayogusa serotonini haiwezi kugusa huzuni peke yake. Kichefuchefu cha kijana yule kilitokea kwenye mlango mwingine, na kwa wagonjwa wengi hupungua baada ya wiki moja au mbili.

Kwa nini nafuu inachelewa? Fluoksetini huzuia serotonini isifyonzwe haraka, na kazi hiyo huanza ndani ya saa chache tu. Lakini seli inayomwaga serotonini nayo ina vipokezi vyake vinavyofanya kazi ya breki. Vikiona serotonini imezidi nje, huiambia seli ipunguze kazi. Siku za mwanzo, dawa inasukuma huku breki zinakaza. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba, baada ya wiki mbili hadi nne, breki hizo hulegea, na seli nazo huanza kuunda miunganisho mipya. Hapo ndipo wengi huanza kulala vizuri na kutamani tena kutoka nje.

Kijana aliyeacha siku ya 11 amebeba maudhi yote ya dawa, akaondoka kabla ya faida.

Lazima niseme ukweli mwingine. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Joanna Moncrieff wa London walipitia tafiti za miaka mingi na kusema hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona inaletwa na upungufu wa serotonini. Kuna waliosikia hivyo wakasema dawa ni uongo. Sikubaliani nao. Parasetamoli hushusha homa, na hakuna anayeugua kwa kupungukiwa parasetamoli. Dawa za sonona huwasaidia wengi, hasa wenye sonona kali, ingawa si wote. Kilichoanguka ni hadithi yetu ya ndoo.

Najua jibu la wenzangu: foleni ni ndefu, wahudumu ni wachache. Ni kweli. Lakini hatuombi semina. Tunaomba dakika mbili na kalamu. Juu ya pakiti tuandike tarehe ya wiki nne mbele: “Usiache kabla ya siku hii bila kuja kuniona.” Mgonjwa anayepanda gari kutoka Kyimo hadi hospitali ya wilaya pale Tukuyu ametumia nauli na siku ya shamba. Asirudi nyumbani na vidonge visivyo na maelezo.

Kwa wazazi, nina mambo manne. Kwanza, mtoto aliye chini ya miaka 12 asipewe dawa hizi kwa ajili ya sonona. Kwa kijana, mazungumzo na mshauri ndiyo ya kwanza, na dawa iamuliwe na mtaalamu.

Pili, wiki za mwanzo mwangalieni kwa karibu. Kwa baadhi ya vijana walio chini ya miaka 25 mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kipindi hicho. Akianza kuaga watu, kuhangaika mno au kusema hana faida, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akichangamka kupita kiasi na kukesha bila kuchoka, nalo mwambieni daktari.

Tatu, vidonge vitunzwe na mtu mmoja, mahali panapofungwa. Amitriptilini nyingi kwa mara moja huua moyo.

Nne, taja dawa zote unazotumia. Tramado ya maumivu, au linezolidi ya kifua kikuu sugu, zikichanganywa na dawa hizi zinaweza kuzidisha serotonini hadi mgonjwa atetemeke, apate homa kali na kuchanganyikiwa.

Na nafuu ikija, bado usiache. Shirika la Afya Duniani linashauri kuendelea kwa miezi kadhaa baada ya dalili kuisha, kisha dozi ipunguzwe polepole chini ya uangalizi.

Mama yule alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: “Kwa hiyo hakurogwa, wala si mvivu?” Nikamwambia hapana. Anaumwa, na tiba yake inahitaji subira. Akasema, “Ndaga.” Siku ile ile alimrudisha kijana kwa daktari wake kuanza upya.