Mnaituhumu Damu Yake Bure

Huko Japani kijana mwenye mzazi mmoja mgeni huitwa hafu, na akionekana mnyonge watu husema damu mbili zinagombana ndani yake. Sikubali hata kidogo. Mtoto wa miaka mitatu mwenye baba Mghana na mama Mjapani hana ugomvi wowote moyoni. Wasiwasi humjia baadaye: anauliza bei kwa Kijapani, muuzaji anamjibu kwa Kiingereza; mwalimu anadai cheti cha kuthibitisha kwamba nywele zake za kahawia hazikupakwa rangi; wenzake wanamuuliza atarudi lini kwao, na kwao ni mtaa huohuo. Masharti ya nywele nyeusi katika shule za umma za sekondari ya juu jijini Tokyo yalifutwa mwaka 2022 tu. Ariana Miyamoto, mzaliwa wa Sasebo mwenye baba Mmarekani mweusi, alitwaa taji la Miss Universe Japan mwaka 2015, akaambiwa hana Ujapani wa kutosha. Alikwisha kueleza kilichomsukuma kushindana: rafiki yake, hafu kama yeye, alijiua.

Mbona mahafu wanashangiliwa, wengine huuliza. Ni kweli: katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, mcheza tenisi Naomi Osaka aliwasha mwenge mkuu, na mcheza kikapu Rui Hachimura, ambaye baba yake ni wa Benin, alibeba bendera ya Japani. Nilifurahi. Lakini Osaka alipotolewa raundi ya tatu, mitandaoni wakaanza tena kuuhoji Ujapani wake. Ikiwa bingwa hupewa uraia wa mioyo ya watu kwa mkopo, mwanafunzi wa kawaida, asiye na kipaji cha mpira wala urembo wa matangazo, atapewa nini?

Ati Japani ni taifa la damu moja na hawa ni jambo geni? Waainu, wenyeji wa asili wa Hokkaido, wapo tangu kale. Na mwaka 1948 Miki Sawada alifungua makao huko Oiso kwa ajili ya watoto wa wanajeshi wa kigeni na akina mama wa Kijapani.

Linaloniuma zaidi ni lile la kwamba hafu achague upande mmoja. Sheria humtaka aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili achague kabla ya kutimiza miaka 20. Lakini hiyo ni habari ya pasipoti tu. Kijana anayeongea Kijapani na bibi yake wa Nagoya, kisha Kireno na babu yake wa São Paulo, anaongea na wazee wake tu. Anayemtaka amkane mmoja wao aseme ni yupi, na kwa kosa gani.