Kichujio cha mifupa si ushamba, ushamba ni kukijenga bila kupima maji

Kuna video za aina moja ambazo zimenimalizia bando kuliko ninavyotaka kukiri. Jamaa yuko Marekani huko, ana tangi la kioo lenye maji ya chumvi na matumbawe ya kila rangi. Kando ya tangi kuna mtungi mwembamba wa plastiki uliojaa tembe ndogo nyeupe. Jamaa anachukua msumeno, anakata mdomo wa ule mtungi, anatupa wavu uliokuja nao kutoka dukani kwa sababu unaziba kila wiki, anaweka wake. Kisha anabadilisha pampu. Kifaa alinunua juzi tu kwa pesa nyingi, na tayari amekifungua!

Zile tembe ni plastiki inayooza. Bakteria wanaila, na wanapokula wanafyonza naitreti na fosfeti, uchafu unaotokana na chakula na kinyesi cha samaki. Maji lazima yapite kwa kasi inayofaa. Yakienda polepole, tembe zinashikana kama uji ulioachwa jikoni, hewa inakosekana ndani na maji yanaanza kunuka yai bovu. Na ukiweka tembe nyingi siku moja, maji yanageuka ukungu na matumbawe yanaweza kupauka. Kwa hivyo jamaa anaweka kidogo, anapima maji, anaandika, anangoja.

Sasa utaniuliza, kijana wa Kanamkemer na matumbawe wapi na wapi? Swali zuri. Kutoka Lodwar, Juba iko karibu kuliko Bahari Hindi. Lakini mtungi wenye kitu ndani, maji yanaingia huku na kutokea kule yakiwa safi zaidi, hicho ndicho kifaa ambacho mtaa wangu unakihitaji. Tofauti ni kwamba sisi hatuondoi naitreti. Tunataka kuondoa floraidi.

Visima kadhaa vya Turkana vina floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haina rangi, haina harufu, wala huwezi kuionja. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki palepale, kwa hivyo unakunywa iliyokolea zaidi. Dawa ya klorini nayo inaua vijidudu tu. Mtoto akinywa maji hayo kabla hajafika miaka minane hivi, meno yake ya ukubwani yanakuja na madoa ya kahawia. Ukiyanywa miaka mingi sana, mifupa na viungo vinaweza kukakamaa.

Wengi wenu mnaosoma hapa mmeshawahi kumcheka mtu mwenye meno hayo, ama mmechekwa. Nina rafiki anayefunika mdomo kwa mkono kila akicheka, hata kwenye simu. Hakosi mswaki. Alikosa maji mengine tu.

Dawa ipo na haikutoka mbali. Mifupa ya mifugo ikichomwa kwenye joto kali, hewa ikiwa kidogo, inageuka makaa yanayoshika floraidi. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi hii kwa miaka mingi, na hata ikatengeneza tembe za kalsiamu na fosfeti za kuchanganya na makaa hayo ili yadumu zaidi. Tanzania wana kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha kilichofanya utafiti wa jambo hilohilo. Na mifupa? Maze, hii ni Turkana. Kama kuna kitu hatujawahi kukosa ni mifupa.

Basi mwaka jana nikajaribu. Pipa, moto, mifupa ya mbuzi, ndoo mbili za lita 20 na bomba la mafundi wa maji. Mara ya kwanza sikuchoma vya kutosha na maji yakatoka na harufu ya supu iliyolala. Nyanya alinusa kikombe, akakirudisha mezani polepole, hakusema kitu. Nilipozidisha moto, mifupa ikatoka myeupe kama chokaa, na mweupe umeungua mno, nguvu yake ya kushika floraidi imepungua. Unatafuta ule mweusi au wa kijivu. Jirani yangu Mwislamu aliuliza swali la maana kuliko yangu yote: mifupa ya mnyama gani? Hapa watu wanakula punda, kwa hivyo usimwone msumbufu. Tangu hapo nachagua mfupa mmoja mmoja, na nikipata wa ngamia nashukuru.

Ila kosa langu kubwa lilikuwa lingine. Maji yalipoacha kunuka nilitangaza ushindi. Nikawagawia majirani watatu. Sikuwa nimepima hata tone moja! Na nilikuwa nimefungua bomba hadi mwisho ili ndoo ijae haraka, maji yakipita kwenye makaa kwa sekunde badala ya dakika nyingi. Yule jamaa wa matumbawe angenicheka. Yeye anapima maji ya samaki, mimi sikupima ya nyanya yangu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vijana tungoje mradi mkubwa. Miradi mikubwa tunaijua. Pale Kalokol, pwani ya Ziwa Turkana, Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki ambacho kilifanya kazi siku chache tu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umeme wa kugandisha ulikuwa ghali na maji safi yaliyohitajika yalikuwa mengi mno kwa jangwa. Mwaka 2013 tukatangaziwa bahari ya maji chini ya ardhi huko Lotikipi, nikiwa bado shule ya msingi, tukaimba. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha chumvi nyingi.

Lakini pia siko upande wa wale wa "sisi ni jua kali, tutajipanga". Kujipanga bila kipimo ni kuwapa watu maji yaleyale na kuwaambia yamepona. Makaa ya mifupa huchoka. Yakichoka hayapigi kelele wala maji hayabadiliki ladha, na kichujio kinaendelea kumimina kama kawaida. Kuna kichujio mtaani kwetu, sitataja cha nani, ambacho hakuna anayekumbuka kilibadilishwa lini kilicho ndani.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kila kioski cha maji Lodwar na Kakuma kibandike karatasi moja: floraidi kiasi gani, imepimwa tarehe gani. Na kaunti ikileta kichujio, ilete pia kifaa cha kupima, na ifunze vijana wawili wa mtaa kukifungua, kukibadilisha na kuandika namba daftarini.

Kwa sasa bomba langu nimelibana hadi maji yanadondoka tone kwa tone, na ndoo inachukua usiku mzima kujaa. Sampuli iko kwenye chupa iliyooshwa mara tatu, inangoja mtu anayeenda Kitale. Majirani nimewaambia warudi kwa maji yao ya zamani hadi jibu lije. Mmoja amekasirika.