Kabla ya Kununua Kompyuta Mpya, Mwangalie Gavana

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalowafanya vijana wengi wenye studio ndogo kutoa pesa bure.

Kijana ana laptopu ya mtumba. Anarekodi kwaya au anahariri kipindi cha redio, mara sauti inaanza kukatika: tak, tak, tak. Akiuliza, jibu ni lile lile: mashine imezeeka, tafuta nyingine. Rafiki yangu mmoja alikuwa tayari kuchukua mkopo. Nikamwambia, ngoja kwanza tuangalie mpangilio wa prosesa. Tulipoubadilisha mikwaruzo ikaisha, na mkopo hakuuchukua.

Hebu tufanye hesabu. Ukirekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, na bafa yako ni ya sampuli 256, prosesa ina milisekunde 5.3 tu kutayarisha kila fungu la sauti. Ikichelewa, unasikia mkwaruzo. Sasa, prosesa za siku hizi hupunguza kasi kazi ikipungua, ili kuokoa betri. Kazi ya sauti nayo huja kwa vipindi vifupi vifupi. Ukipima kwa wastani, prosesa inaonekana kama imekaa bure, kwa hivyo inapunguziwa kasi. Fungu zito likifika linaikuta imesinzia!

Katika Linux, anayeamua kasi hiyo huitwa gavana (si wale 47 wa kaunti zetu). Kumjua aliye madarakani, andika:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor

Ukiona powersave, ondemand au schedutil, na sauti yako inakatika, mbadilishe kabla ya kurekodi:

sudo cpupower frequency-set -g performance

Ukizima kompyuta na kuiwasha tena, amri hii itabidi uirudie. Wenye Windows, ingieni kwenye mipangilio ya umeme mchague High performance, kama laptopu yenu inaionyesha.

Najua wapo watakaosema, ongeza bafa tu yaishe. Kwa kuchanganya nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, nakubali. Lakini bafa ya sampuli 1024 ni kama milisekunde 21, na hapo ni kuingia tu, bado kutoka. Mwimbaji anayejisikiliza kwenye hedifoni kupitia kompyuta atapotea mdundo.

Wengine watasema mashine itapata joto na betri itaisha haraka. Ni kweli. Chomeka kwenye umeme, rekodi, ukimaliza mrudishe gavana wako wa zamani. Na kama kipimo cha kazi ndani ya programu kama Ardour kinakaribia asilimia 100 hata baada ya hapo, basi punguza madoido, au ukubali kwamba mashine imelemewa kweli.

Ninachopinga ni ile tabia ya kumtuma mtu dukani kabla ya kumfungulia mipangilio. Waliotengeneza mifumo hii walitanguliza betri, na kwa anayesoma barua pepe walifanya vyema. Wewe unayerekodi una haja nyingine, na mashine haiwezi kuijua usipoiambia. Amri ni bure, mkopo una riba.

Haya, jaribuni leo jioni. Tukutane tena wiki ijayo.