Hiari Gani Isiyo na Dawa?

Ndugu msomaji, twaambiwa majukwaani kuwa watu wa Ngorongoro wahamia Msomera, wilayani Handeni, kwa hiari yao. Uhamaji huo ulianza Juni 2022. Haya, tuipime hiari hiyo kwa mizani ya dawa.

Endulen ipo hospitali ya Kanisa Katoliki iliyowatibu wafugaji miaka mingi. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilieleza kuwa huduma za afya zilipunguzwa ili watu wasukumwe kuhama. Serikali imeshikilia kuwa hapana anayelazimishwa.

Jee, mama aliyeshikwa na uchungu usiku, akaambiwa apande hadi ukingo wa kreta, ateremke lango la Loduare, ndipo amwone daktari Karatu, huyo kachagua nini? Aliyekuvunja mguu kisha akakuuliza kama wataka mkongojo, hakukupa hiari.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni jambo jema. Walakini kadi ya bima haichomi sindano. Pasipo muuguzi, kadi ni karatasi tu.

Nasi tusilipe uongo kwa uongo, tukieneza kila uvumi wa sokoni. Tudai hesabu: Endulen ilikuwa na wauguzi wangapi mwaka 2021, na leo wangapi? Atakayejibu kwa nambari tumsikilize. Atakayejibu kwa hotuba tumjue. Uongo ulio haramu msikitini hauwi halali jukwaani. Na mficha maradhi, kifo humuumbua.