Tafsiri isiyofunguka haimfaidi shabiki

Mwaka 2011, vikundi vya mashabiki wanaotafsiri anime vilianza kuhamia video za H.264 za biti 10. Sababu yao ilikuwa nzuri: rangi ya anga na vivuli haikatiki mistari mistari, na faili haiwi nzito.

Shida ni kwamba chipu za simu na televisheni ziliundwa kusoma H.264 ya biti 8. Ukicheza ile ya biti 10, unapata rangi zilizovurugika ama sauti bila picha. VLC itaifungua, lakini prosesa ndiyo inabeba mzigo wote: simu inachemka, betri inaisha, picha inakwamakwama.

Baadaye zikaja H.265 mwaka 2013 na AV1 mwaka 2018. Faili zikazidi kuwa ndogo, vifaa vya zamani vikazidi kuachwa nyuma.

Kwa hivyo kijana, soma jina la faili kabla ya kumaliza bando. Ukiona “Hi10P”, jua simu yako huenda ikagoma.

Nanyi watafsiri, mnajitolea bila malipo, na hilo twalishukuru. Lakini mwenye simu ya bei nafuu pia ni shabiki. Mtoleeni nakala ya biti 8.